Jini, Barafu na Mama Mkwe

Martini ni kinywaji cha vitu viwili. IBA, chama cha kimataifa cha wachanganyaji wa vinywaji, kimeandika wazi: mililita 60 za jini, mililita 10 za vermuti kavu. Unakoroga na barafu, unachuja kwenye glasi iliyopoa, unadondosha zaituni moja au unabinyia juu yake ganda la limau, basi. Pilau ya kwetu Tanga ina viungo mpaka unasahau idadi, na huiva hata mpishi akiwa anagombana na jirani dirishani. Martini haina uvumilivu huo. Vitu vikiwa viwili tu, kila kasoro inaonekana, na mbaya zaidi, kila anayepita jikoni anadhani kuna kitu kimesahauliwa. Na jikoni kwetu Kicukiro, hapa Kigali, watu hawapiti. Wanaingia, wanavuta kigoda, na kila mmoja ana cha kuongeza.

Jini ililetwa na shemeji. Kaka mkubwa wa mke wangu kakulia Bukavu, sasa anakaa Brussels, na akija likizo huja na wazo moja kubwa. Mwaka fulani lilikuwa kukimbia asubuhi; tukakimbia, vilima vya Kicukiro vikatushinda, tukarudi kwa pikipiki. Safari hii wazo lilikuwa martini. Alitoka uwanja wa ndege wa Kanombe chupa ikiwa wazi kwapani, maana mfuko wa plastiki wa duka la wasafiri alivuliwa palepale: Rwanda imepiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na pale hawana utani. "Shemeki," akaniita kwa Kiswahili cha kwao, kabla habari za nyumbani hazijafika hata kwa watoto, "Jumamosi utakunywa kitu ya maana."

Nilicheka, naye hakujua ninacheka nini. Ni hiyo Brussels. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikaa huko yakatia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa, na humo humo yakapenyeza sura nzima kuhusu pombe kali: kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, popote ambapo pombe hizo zilikuwa hazijazoeleka, mwenyeji asiletewe. Wageni waliwekewa mlango wao wa pembeni. Kigali ilikuwa bado haipo. Richard Kandt alikuja kuianzisha mwaka 1907. Lakini tazama ramani: iko karibu nyuzi mbili kusini mwa ikweta, katikati kabisa ya marufuku. Na sasa huyu hapa shemeji, katoka Brussels ileile, kwapani ana fidia.

Vermuti aliisahau. Aliikumbuka Jumamosi asubuhi, na Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asiyeijua Kigali aelewe: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa, barabara tupu, na kila mwenye nguvu yuko nje na jembe. Mtaa wetu, wenye herufi KK na namba yake sawa na mitaa yote ya wilaya hii, ulipangiwa kuzibua mtaro. Shemeji alikuja na raba nyeupe, akapewa koleo, na kila aliyesimama karibu naye akaulizwa wapi panapatikana vermuti kavu. Wengi walielewa ni mbolea.

Kazi ikiisha huwa kuna kikao. Tukazungumza taka, tukazungumza usalama wa usiku, tukakumbushana michango ya mituweli, ile bima ya afya. Ikafika mengineyo. Shemeji akasimama. Mke wangu, Mama Keza, akaanza kuchunguza kucha zake. "Naomba kuuliza," akasema kaka mtu, kwa Kinyarwanda kilichokaa Ulaya muda mrefu, "kama katika mudugudu huu yupo mwenye vermuti." Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, mama mmoja mtulivu, aliandika kwenye daftari lake. Hoja imepokelewa, akasema, itafikishwa kwenye akagari, ngazi ya juu yake.

Saa tano ilipogonga sikuisubiri akagari. Nikashuka Kicukiro Centre, nikaingia alimantasiyo moja yenye rafu mpaka darini.

"Vermuti ni nini, muzee?" akauliza dada wa kaunta.

"Ni divai iliyotiwa majani. Ya kutengenezea Martini."

"Aa, Martini!" Akapanda kigoda, akashusha chupa yenye kinywaji chekundu, imeandikwa Martini ubavuni. "Hii hapa."

"Hapana dada, hiyo ni tamu. Nataka kavu, niitie ndani ya Martini."

"Lakini hii ndiyo Martini."

"Najua. Ila Martini ninayotengeneza inataka hiyo, ile kavu yake, pamoja na jini."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Unataka Martini, uiweke ndani ya Martini, upate Martini."

"Ndiyo."

"Na hii haitoshi?"

Hana kosa. Kiwanda cha Torino kinauza vermuti kwa jina hilo tangu karne ya 19, na kokteli yenyewe, iliyozaliwa Marekani, watu wanabishana mpaka leo kama ilichukua jina kwenye chupa hiyo au kwa jamaa yake wa zamani aitwaye Martinez. Ningemweleza, lakini nyuma yangu foleni ya mayai na mikate ilikuwa imeanza kuguna. Kavu niliipata hatimaye katika supamaketi upande wa Sonatube, rafu ya chini kabisa, ina vumbi hata motari aliyenirudisha aliifuta kwa glavu yake kabla ya kunipa helmeti.

Sasa barafu. Martini ikikorogwa sawasawa, karibu robo ya kinachoingia glasini ni maji yaliyoyeyuka humo humo. Kwa hiyo barafu si chombo cha kupozea, ni kiungo, na kiungo chetu kilikuwa na historia. Friza yetu upande mmoja ina isombe, yaani kisamvu, upande wa pili ina sambaza, wale dagaa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na tangu hapo hawajaona sababu ya kuondoka. Katikati yapo makopo ya Blue Band yaliyojazwa maji, yameganda matofali. Barafu haitunzi siri. Harufu ya jirani yake inaibeba. Shemeji aligongagonga kopo likatoa tofali, akalinusa, akafumba macho.

"Hii ni Kivu," akasema.

"Basi ni nzuri," ikajibu sauti ya Mama mlangoni.

Mama ni mama mkwe wangu. Anakaa nasi kwa vipindi, na heshima yake nyumbani haina mjadala. Kwetu Tanga mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa tahadhari, na Wanyarwanda wa zamani nao walikuwa na adabu zao ndefu juu ya jambo hilo, kwa hiyo mimi nimezibeba zote mbili. Nikimsalimu husimama. Nikila mbele yake hutafuna taratibu. Katika miaka yote hii nilikuwa nimefanikiwa asinione nimeshika chochote kikali kuliko chai ya tangawizi.

Tukaja kwenye vipimo. Kile kikombe cha baa chenye mdomo mkubwa huku na mdogo kule hatuna. Kijiko cha chai ni mililita 5, lakini mililita 60 kwa vijiko ni vijiko kumi na viwili kwa kila mnywaji, na shemeji alikuwa anahesabu kwa Kifaransa, mimi kwa Kiswahili, tukapotezana kwenye saba. Nikaangaza macho. Kwenye kichanja cha vyombo, safi, imechemshwa, ina mistari ya mililita kuanzia chini mpaka juu, ilisimama chupa ya maziwa ya Keza, ile inayoitwa huku biberoni. Hakuna chombo jikoni kilichopimwa kwa umakini kuliko hicho. Waliokitengeneza walikuwa na dhamana ya uhai wa watu.

Shemeji alishika, mimi nikamimina. Jini haina rangi. Tukaipandisha mpaka 60, tukainamisha vichwa macho yawe usawa wa mstari, tukaongeza tone, tukaongeza tone. Keza alikuwa chini ya meza na sufuria zake. Akaiona biberoni yake, akanyoosha mikono miwili juu. Ndipo Mama akaingia.

"Mukwe."

"Naam, Mama."

"Hii uko unaweka mu biberoni ya mutoto, ni maji?"

Kuna maswali ambayo jibu la kweli na jibu la adabu hayakai chumba kimoja.

"Si maji, Mama."

Akaipokea mkononi mwa mwanawe, akainusa, akarudisha kichwa nyuma. Hakusema neno. Akaiweka mezani, akainama, akamchukua Keza, akambeba mgongoni, akakaza fundo la kitenge mara mbili. Usiku ule hakumteremsha tena mpaka alipolala. Biberoni yenyewe Mama Keza aliichemsha, akaichemsha tena, kisha akaistaafisha. Sasa hivi inapimia mafuta ya taa.

Shemeji anaamini martini hutikiswa. Elimu hiyo kaipata kwa James Bond, ambaye si mwalimu wa kutegemewa: katika riwaya ya kwanza ya Ian Fleming, *Casino Royale* ya 1953, anaagiza jini na vodka ndani ya glasi moja, na bado anataka vitikiswe. Wenye kazi yao hukoroga. Ukitikisa, barafu inavunjika, hewa inaingia, kinywaji kinatoka na ukungu; ukikoroga kinabaki angavu. Nilimweleza yote hayo. "Shemeki," akanijibu kwa upole, "Bond ni Bond."

Chombo cha kutikisia hatukuwa nacho, ila nyumba gani ya Afrika Mashariki inakosa chupa ya chai? Yetu ni ile ya kizamani yenye maua mekundu, ndani ina kioo cha rangi ya fedha, kuta mbili na utupu katikati, ufundi wa James mwingine, Dewar, tangu 1892. Kioo hicho kinavumilia chai inayotokota mwaka hadi mwaka. Hakikuundwa kupokea mapande ya barafu yanayorushwa huku na huku na mwanamume wa kilo tisini. Shemeji alitikisa juu ya bega la kulia, akahamia la kushoto, na Keza mgongoni kwa bibi yake akapiga makofi. Halafu ikasikika puu, sauti ndogo iliyozibwa, na mlio wa mtikiso ukabadilika.

Tukamimina kwenye bakuli, polepole. Barafu huelea na kioo huzama, hilo hata mtoto wa shule anajua. Lakini vile vioo vilikuwa vyembamba mno, vimenasa mgongoni mwa barafu, vyote vinang'aa sawasawa, na njia pekee ya kukijua kioo ilikuwa ule wekundu hafifu wa taa uliojirudi kwenye upande wake wa fedha. Shemeji akanyoosha kidole ili achambue. Mama Keza akakipiga kofi kidole kile kabla hakijagusa maji. Vioo vikafungwa kwenye gazeti, na mililita 120 za jini zikaelekea kwenye mtaro, ule ule tuliouzibua asubuhi. Ukapitisha vizuri sana.

Basi tukoroge, nikasema, na safari hii hakupinga. Jagi la maji ya kunywa lilikuwepo, na mwiko mrefu wa ugali. Ila barafu ya kukorogea inatakiwa iwe vipande, na sisi tulikuwa na matofali. Tukafunga tofali kwenye taulo, tukalilaza ndani ya kinu, shemeji akachukua mchi. Ilikuwa saa tatu usiku. Kicukiro saa tatu usiku inasikia geti likifunguliwa mtaa wa tatu. Shemeji akatwanga.

Hodi ikapigwa.

Alikuwa Afande. Afande ni jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyezaliwa na kukulia Uganda, na ndiye kiongozi wa isibo yetu, lile kundi la kaya chache lililo chini ya mudugudu. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka, hakina mapambo. Asubuhi alikuwa kwenye kikao na alimsikia shemeji kwa masikio yake mawili.

"Habari za usiku. Mnafanya nini humu?"

"Tunatwanga barafu, Afande."

Akatazama. Nami nikatazama pamoja naye, nikaiona jikoni yetu kwa macho ya serikali: jagi, chupa ya chai iliyopasuka, kinu, taulo linalochuruzika, wanaume wawili wanatoka jasho, na katikati ya meza biberoni yenye pombe nyeupe isiyo na lebo. Pombe nyeupe isiyo na lebo, hapa Rwanda, jina lake ni kanyanga, na sheria imeiorodhesha pamoja na dawa za kulevya.

"Chupa yenyewe iko wapi?"

Shemeji alikuwa ameilaza ndani ya friza ipoe, nyuma kabisa. Ikabidi isombe itoke, sambaza watoke, Blue Band zote zipangwe sakafuni. Afande akaipokea chupa kwa mikono miwili, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, kiwanda, asilimia, nchi, akaiinua kwenye taa. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye kitasa, akavuta kigoda.

Glasi za kabatini ni za harusi, haziguswi. Hilo liliamuliwa siku ya harusi. Nikatoa vikombe vyangu vya kahawa nilivyokuja navyo kutoka Tanga, vile vidogo visivyo na mkono, vya kunywea kahawa chungu barazani. Mama Keza akachuna ganda la limau jembamba, akalibinya juu ya kila kimoja, na kwa dakika moja jikoni kulinuka vizuri, limau na kitu kingine cha msituni. Hicho kingine ni tunda la mreteni, ambalo bila hilo jini haiitwi jini. Binamu yake anaota nyanda za juu za Kenya kwa jina la mtarakwa na huishia kuwa nguzo za uzio. Sambaza hawakusikika. Nilifurahi mapema.

Kikombe cha kwanza nikampa Afande. Hakukipokea. "Mwenye nyumba kwanza," akasema, na Mama akaitikia kwa kichwa kutoka kwenye kiti chake. Ni desturi ya hapa, wanaiita gusogongera: anayekupa pombe aionje mbele yako, ujue hakukutilia kitu. Nikaonja. Cha shemeji nacho nikakionja, maana huwezi kumbagua shemeji. Cha Mama Keza pia. Kila kikombe kilichoongezwa kilianzia mdomoni kwangu, na Afande si mtu wa kikombe kimoja. Kabla jagi halijafika nusu nilikuwa nimekunywa kuliko mgeni yeyote, ilhali kikombe changu mwenyewe sijakipata.

Afande alitafakari muda mrefu. "Baridi sana," akasema.

Shemeji akageuka taratibu.

"Hamna ya moto?"

Katika baa za Rwanda mhudumu hukuuliza kwanza: baridi au moto? Moto maana yake ni iliyotoka kwenye kreti, haikuona friji, na wazee wengi huchagua hiyo, wanasema baridi inakaba koo na inaficha ladha. Kigali iko mita elfu moja na mia tano na ushee juu ya usawa wa bahari, usiku wake una ubaridi wa kutosha bila msaada. Lakini shemeji alikuwa amevuka bara zima na kuvunja chupa ya chai kwa ajili ya baridi.

"Afande, martini ya moto hakuna."

"Umeshawahi kujaribu?"

Shemeji hakuwa na jibu. Afande akakifumbata kikombe kwa viganja vyote viwili, akakiweka mapajani, akasubiri kipate joto huku akitusimulia Uganda. Kule, alisema, jini yao ni waragi, na ujanani mwake waliinywa na soda ya Krest. Alikumbuka wazee wakilalamikia sheria ya Enguli ya 1965, iliyomtaka kila mpika pombe ya kienyeji awe na leseni na aiuze kwa kiwanda ichujwe upya; ndipo Uganda Waragi ya chupa ikazaliwa. Hapo nami nikataka kuitetea Konyagi ya kwetu, yenye asilimia 35 na wafuasi wasiopenda kuambiwa ni jini wala kwamba si jini, lakini ulimi ulikuwa umeanza kuchelewa, nikaacha.

"Mngekuwa na toniki, ingekuwa afadhali," akasema Mama Keza, na shemeji akaruka kwa furaha, kwa sababu toniki ni habari ya Bukavu. Uchungu wake ni kwinini, na Pharmakina ya Bukavu inakamua kwinini kutoka magome ya miti ya mashamba ya Kivu. Inasafiri huko na huko, inaingia kwenye vichupa vya bei mbaya, kisha tunauziwa hapa, siku moja kwa basi kutoka mti ulikosimama. Nikasema, kwa uzito wa mtu aliyeonja vikombe vya watu wote, kwamba Bond wa kweli wa jini si James, ni Erasmus, yaani Erasmus Bond wa London, aliyepata hataza ya maji ya toniki mwaka 1858. Hakuna aliyenisadiki. Shemeji aliniomba nikae chini. Mama peke yake aliitikia neno kwinini. "Ile dawa," akasema, akijishika sikio. "Utotoni walitupa mupaka masikio inalia siku nzima."

Kikombe kilikuwa kimepata joto. Afande akakionja, akatikisa kichwa. Bado kimepooza, akasema, na hakuwa anazungumzia joto. Akaingiza vidole mfuko wa shati, akatoa kichupa cha Akabanga.

Kwa aliyekula buroshete hapa Kigali hakuna la kueleza. Kwa wengine: ni mafuta ya pilipili ndani ya kichupa kidogo cha kudondoshea, kazi ya Sina Gérard wa Nyirangarama, kwenye barabara ya kwenda Musanze, na watu wazima hutembea nacho mfukoni wasije wakakutwa na chakula kisicho na hatia. Shemeji alipiga ukelele. Lakini nilivyofikiri, na nafikiri hivyo hata leo, historia ilikuwa upande wa Afande: martini za mwanzo zilitiwa matone ya bitazi ya machungwa, na matone ni matone.

Akatia mawili. Mafuta hayakuchanganyika. Yakaelea yakawa jicho moja la rangi ya chungwa juu ya kinywaji cheupe, likizunguka taratibu kila alipoinamisha kikombe. Na kinachoelea ndicho kinachotangulia mdomoni. Afande alikunywa. Akakaa kimya, mgongo umenyooka. Chozi likashuka shavu la kulia, likafuata la kushoto, kwa nidhamu.

"Sasa," akasema, "hii ni pombe."

Akasogeza kikombe kiongezwe, akakidondoshea mwenyewe, akanielekezea mimi kwanza.

Kesho yake chupa ya vermuti haikuwepo mlangoni mwa friji. Niliiweka hapo makusudi, kwa kuwa vermuti ni divai, ikishafunguliwa na kuachwa nje inachacha. Niliikuta chumbani kwa Mama, kati ya miwani na Biblia. Alikuwa ameinusa usiku, baada ya sisi kuhamia sebuleni, akaitambua mara moja: majani. Na ni kweli, uchungu wa vermuti asili yake ni ndugu wa pakanga. Carpano, yule wa Torino anayesifiwa kwa kuanza kuiuza mwaka 1786, angeelewana na Mama bila mkalimani. Kijiko kimoja cha supu kabla ya chakula cha jioni, ndiyo dozi aliyojipangia, na tumbo, anasema, limetulia.

Shemeji alipiga simu ya video kutoka Brussels majuzi. Alikuwa na glasi yenyewe, ile ya mdomo mpana, imepiga ukungu wa baridi, zaituni moja ndani. Jikoni kwake hapakuwa na mtu mwingine. Akauliza ile vermuti iliyobaki tuliifanyia nini, isije ikaharibika. Sijajibu, Mama akaninyang'anya simu.

"Imekwisha," akamwambia mwanawe. "Ukikuja, leta ingine ya majani. Ile ya kuweka mu biberoni, uiache kwenu."